Picha ya Jiwe la Wakonyo

Benchi yangu ilitoka kanisani. Ilivunjika mguu siku ya harambee, wazee wa kanisa wakaitupa nyuma ya choo, mimi nikaiomba, na sasa mguu wa nne ni jiwe. Iko hapa Kiganjo, ng'ambo ya stage ya bodaboda, chini ya mabati ya kibanda changu. Anayekaa upande wa jiwe ndiye uzani wa wenzake. Akiamka ghafla bila kusema, wengine wanamwagika. Watu wa huku hulima kahawa na kunywa chai, lakini mimi nilifundishwa kahawa na mzee mmoja wa Majengo, Mungu amlaze, na naweka tangawizi mpaka mtu akumbuke dhambi zake. Ikifika saa kumi na moja birika linachemka, nao wanafika. Kuna Kitheka, fundi wa kuchomelea milango, Mkamba wa Matuu, tunamwita Bluetooth kwa sababu hushika maneno ya mbali bila waya. Kuna Mwas, aliyekuwa anapiga deki kotini akasikia kesi nyingi kuliko mawakili, basi huyo ni Jaji. Halafu kuna Zacharia, mtu wa sweta na kofia, anayekaa upande wa jiwe. Yeye kabla hajaamka husema "naamka", mkashika vikombe. Hakuwa na jina la utani miaka hiyo yote, mpaka haya mambo ya picha yalipoanza. Sasa anaitwa Mapicha, lakini nyuma ya mgongo wake. Hilo jina usiulize nani alitoa. Ni mimi.

Zacharia alimzika mke wake, Wakonyo, kwenye kipande chao cha shamba kule Kalimoni. Mpaka leo kaburi lina msalaba wa mbao, na msalaba wenyewe umeanza kuinama kama mtu anatafuta kitu chini. Mwaka huu baada ya Pasaka mtoto wake Muriithi, mwenye duka la hardware kule Mwihoko, akasema sasa ni wakati wa kuweka jiwe, lile jeusi linalong'aa, lenye sura ya marehemu imechorwa ndani. Fundi wa mawe akataka picha. Picha moja tu. Na picha zote za hiyo familia ziko ndani ya kompyuta ya mezani, ile kubwa, ambayo Muriithi alimwachia baba yake alipofunga cyber yake ya Ruiru. Za kamera, zile za zamani Muriithi alizopiga scan, za simu ya marehemu, za simu za mashemeji, zote zimemwagwa humo kama githeri, hujui hindi ni la nani. Basi Muriithi akasema, baba tafuta moja mzuri, nitakupigia Jumapili uniambie kama umeipata.

Na Jumapili akapiga. Hapo ndipo nataka ushike. Kabla ya stori ya jiwe, Muriithi alikuwa anampigia baba yake Krismasi, na siku nyingine akikosea namba. Sasa kila Jumapili, kahawa ikiwa kwa kikombe, simu inalia. Zacharia masikio yamechoka, anaweka loudspeaker, kwa hivyo hatuhitaji hata kutega.

— Baba, umeipata?

— Bado. Natafuta.

— Haya, tutaongea Jumapili.

Hivyo tu, na simu imekatika. Mwihoko si mbali. Mtu anaweza kutoka Mwihoko, akafika hapa, akala, akarudi kwake kabla giza halijaingia. Lakini simu pia ni kitu. Mimi nilikuwa naangalia uso wa Zacharia ikilia. Alikuwa anaiacha ilie kidogo, kama mtu anapuliza chai ambayo haijachoma.

Basi akaanza kutafuta programu ya kupanga picha. Ujue huyu mtu alifanya kazi stoo ya kiwanda cha kufunga matunda kwa mikebe mpaka akastaafu. Stima ikipotea, alikuwa anaingia stoo gizani na kutoka na nati unayotaka, saizi yake kabisa. Akatuambia picha ni kama stoo, huwezi kuingia tu na kupekua, lazima kwanza mali ipangwe. Tukaona ni maneno ya maana.

Ya kwanza tuliiita Ile ya Tarehe. Shiko wa cyber ya hapa Kiganjo alikuja kumwekea, na Zacharia akatueleza kwa raha, kama mtu anatangaza mkwe mpya. Unaipa picha zote, yenyewe inazipanga kwa mwaka na mwezi na siku, unashuka nazo kama ngazi. Kitheka akasema hiyo ndiyo mzuri, mwisho wa maneno. Mwas akasema tusikimbie, haba na haba huvunja guu.

Baada ya siku chache Zacharia akaja amenuna. Kumbe kamera ya Muriithi haikuwahi kuwekwa saa. Kila ikitolewa betri, inarudi tarehe moja Januari ya mwaka elfu mbili. Na betri ilikuwa inatolewa kila siku, kwa sababu ndiyo hiyo hiyo ya redio.

— Inasema Muriithi alioa, wajukuu wote wakabatizwa, mama yangu akazikwa na tukanunua ng'ombe, akasema Zacharia. Yote siku moja. Tarehe moja Januari.

— Na hiyo siku mlikula saa ngapi? Kitheka akauliza.

Mwas akafikiria jambo hilo kwa uzito, akasema huo ni ushahidi wa nguvu sana. Mtu akimshtaki Zacharia kwa kitu chochote cha hiyo tarehe, kesi imeanguka, maana ni wazi alikuwa na kazi nyingi.

— Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete, akamalizia.

— Pete inaingia wapi hapo, Jaji?

— Inaingia kwa kidole. Kunywa kahawa.

Jumapili simu ikalia, Zacharia akasema bado, hiyo programu ilikuwa mbaya, amepata jina la nyingine.

Hiyo nyingine tuliiita Ile ya Mawinguni. Hiyo haitaki kukaa na picha nyumbani. Inazichukua moja moja, inazipeleka juu, zinawekwa huko, hata nyumba ikiungua picha zako ziko salama. Shida yake ni kula bundles za intaneti, na ukiiangalia utafikiri inafanya kazi kumbe kile kiduara kinazunguka tu. Zacharia alisema alikaa nayo asubuhi mpaka jioni, ikabeba picha za kuku peke yake.

Kitheka hiyo aliiogopa. Alikuwa amesikia, hakusema wapi, kwamba picha zikishafika huko juu haziwi zako tena. Watu wa nchi za mbali wanachagua sura wanayopenda na kuitumia.

— Saa hii marehemu Wakonyo anaweza kuwa anatangaza sabuni huko India, akasema. Na sisi hapa tunamtafuta.

— Sabuni ya kuoga ama ya kufua? Mwas akataka kujua, kwa sababu kisheria hizo ni kesi mbili tofauti.

Na mimi, kwa vile mdomo wangu hauna kifuniko, nikasema kama picha ziko mawinguni basi sasa ziko karibu na mwenyewe kuliko sisi. Nilikuwa natania. Kitheka alicheka mpaka benchi ikalia. Zacharia hakucheka. Alikizungusha kikombe mkononi, akasema hata hivyo ilikuwa pole pole sana, na kesho yake akaitoa.

Halafu ikaja Ile ya Sura, na hiyo ndiyo ilitubadilishia mtu wetu.

Tulianza kuona Zacharia anakunywa kikombe kimoja badala ya viwili. "Naamka," anasema, tunashika vikombe, anaenda, na anatembea haraka. Mimi nimezeeka lakini si kipofu. Mwanamume akikimbilia nyumbani hivyo, kuna mtu nyumbani. Na Wamboi wa mboga, ambaye ploti yake inapakana na ya Zacharia, akaniambia anamsikia akiongea ndani na mtu. Anasema, huyo ni shemeji yangu wa Gatundu. Huyo ni pastor, kabla hajanenepa. La, la, huyo si mimi, huyo ni ndugu yangu, angalia masikio.

Kitheka akamuuliza uso kwa uso ni nani anampikia siku hizi. Zacharia hata hakuelewa swali. Akatueleza vile hiyo programu inafanya. Inapita kwa picha zote, inakata kila sura kama ya passport, halafu inakuja na maswali.

— Inaleta mtu, inauliza, huyu ni nani? Nikiiambia, inashukuru. Halafu inaleta wawili, inauliza, hawa ni mtu mmoja ama ni watu tofauti?

— Na inakuuliza wewe? nikasema.

— Kwani kuna mwingine kwa nyumba?

Alisema hivyo kama mtu anakuambia bei ya sukari. Sisi tukaangalia barabara.

Nikaona lazima niende nijionee. Nilikuwa na sufuria yake tangu mazishi, nikaiosha vizuri, nikaenda nayo kama mtu mwenye adabu. Mlango ulikuwa wazi. Nilimkuta mbele ya kompyuta na sweta imefungwa vifungo vyote mpaka juu, nywele amezilainisha kwa maji, kama mtu amepata wageni. Kwa kioo kulikuwa na kasura kadogo ka mtoto fulani, na maneno ya Kizungu chini yake, na Zacharia alikuwa anakaambia pole pole, huyo ni Eddie wa dada yangu, lakini sasa ako na ndevu.

Mimi nikaweka sufuria mezani. Na hapo mezani, kando ya sukari, niliona picha. Ilikuwa imeshatolewa kwa karatasi ngumu, saizi ya kitabu cha nyimbo. Wakonyo na kitambaa cha kijani kichwani, beseni kiunoni, amegeuka kama mtu ameitwa jina, anacheka na lile pengo lake. Kama kuna jiwe duniani lilikuwa linatafuta picha, ni hiyo. Na haikuwa ya jana. Ilikuwa na alama za kikombe, duara juu ya duara, nyingi, za mtu anayekunywa chai hapo kila siku akimwangalia.

Zacharia akaona vile nimeona. Alichukua sahani akaifunika ile picha, polepole, akiangalia asimfinye Wakonyo usoni. Tukaongea habari ya mvua.

Sasa wewe unanijua. Mimi ndiye niliyesema mimba ya Kaluki kabla Kaluki mwenyewe hajajua. Mimi siwezi kulala na neno. Lakini hilo nililala nalo, nikaamka nalo, nikawapikia Kitheka na Mwas kahawa nalo limejaa mdomoni, na sikulitema. Kila Jumapili Muriithi alikuwa anauliza, umeipata? Na baba mtu anajibu, bado. Mimi namimina kahawa na kuangalia birika.

Sasa twende Jumapili iliyopita.

Siku hiyo tulikuwa na mgeni, anaitwa Wamalwa, amehamia ploti ya nyuma, anafanya kazi ya kuoka mikate usiku na kulala mchana. Alikuja kwa heshima, akasalimia kila mtu kwa mkono, akapewa nafasi ya katikati ambako hakuna hatari. Mwas akamwambia karibu, mgeni ni kuku mweupe, yaani tunamheshimu kwa usafi wake. Wamalwa akasema asante.

Zacharia alichelewa. Alipofika alikaa upande wake wa jiwe, akashika kikombe kwa mikono miwili na asinywe.

— Imemaliza, akasema.

Tukamuuliza ni nini imemaliza.

— Ile ya Sura. Tangu Ijumaa. Nikiifungua inaniambia hakuna sura nyingine ya kuuliza. Kila mtu ako na jina.

Kitheka akampongeza, akasema sasa jiwe litawekwa. Zacharia akasema ndio, sasa litawekwa. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeambiwa atoke wodi na hana nauli.

Halafu akasema kuna kitu kimoja hakikukaa sawa, na angependa tumwambie kama alikosea. Karibu na mwisho hiyo programu ilimletea sura mbili. Mmoja alikuwa Wakonyo mkewe. Mwingine alikuwa Wakonyo mdogo, mtoto wa Muriithi, siku ya kuhitimu chekechea. Ikauliza, ni mtu mmoja ama ni tofauti?

— Nikaiambia ni mmoja, akasema.

— Mzee, yule ni bibi yako na yule ni mjukuu, Mwas akasema.

— Wote ni bibi yangu.

Wamalwa akatuangalia, nikaona lazima nimsaidie kabla hajahama ploti. Nikamweleza kwetu msichana wa kwanza anaitwa jina la mama ya baba yake, na hapewi jina tu, anapewa mtu mzima. Muriithi anamwita huyo mtoto wake maitu, yaani mama. Na Zacharia tangu mtoto akiwa kwa shuka anamwita bibi yangu, na enzi walipokuwa wanakuja alikuwa anamuuliza mbona hajapika, anamtishia ataoa mwingine, na mtoto anacheka. Hiyo ndiyo kawaida yetu. Kitheka akasema hata Ukambani ni hivyo hivyo. Msichana wake Mutheu ana jina la mama yake.

— Nikimgombeza jioni, asubuhi naenda kumwomba msamaha, akasema. Huwezi kulala umemtukana mama yako.

Basi mashine ilifanya vile iliambiwa. Iliwaweka Wakonyo wote kwa mstari mmoja. Zacharia alisema ukifungua hapo unamwona anatoka kanisani na gauni la arusi, anapata watoto, ananenepa, anakonda, anazikwa, watu wanalia. Halafu Krismasi iliyofuata meno ya mbele yanang'oka na anaanza kuendesha baiskeli.

— Na baada ya baiskeli? Kitheka akauliza.

— Hapo ndipo zinaishia.

Kwa vile sisi hatuwezi ukimya, Mwas akaingia. Alisema mambo sasa yamekuwa magumu sana kisheria. Kama mashine imekubali ni mtu mmoja, basi cheti cha kifo hakina kazi, na huwezi kumwekea jiwe mtu anayeendesha baiskeli. Koti itakataa. Kitheka akasema hapana, mashine imegundua siri kubwa ambayo serikali inaficha. Kama babu anarudi kwa mjukuu, na nyanya anarudi kwa mjukuu, basi watu wa hii Kiambu si wengi vile tunaambiwa. Ni wachache tu, wanazunguka. Ndiyo maana kila sensa wanagombana kwa hesabu.

— Sisi ni wale wale, akasema. Tunabadilishwa tu sweta.

— Basi babu yangu na mimi tukikosana na mtu, nani ataitwa kotini? Mwas akauliza.

— Ataitwa mwenye viatu.

Mwas akasema mtoto wa nyoka ni nyoka, kwa hivyo Zacharia hakukosea. Wamalwa alikuwa anacheka mpaka kahawa inamtoka puani. Hata Zacharia alitabasamu. Nilikuwa nafikiri, hii ndiyo Jumapili mzuri kuliko zote, wakati simu ilianza kulia.

Aliiangalia. Iliendelea kulia, akaiangalia tu. Akaiweka kwa paja, akabonyeza loudspeaker.

— Baba, umeipata?

Mimi nilimwona. Nilijua vile amefika mwisho. Tarehe imekataa, mawingu yamekataa, sura zimemaliza maswali, na Zacharia hajui kudanganya bila kifaa. Nikaona mdomo unataka kusema ndio. Na akisema ndio, jiwe litachorwa, litawekwa, watu watakula wali siku moja huko Kalimoni na kupanda magari, halafu Jumapili inayofuata hiyo simu italia kwa sababu gani?

Nikamnyang'anya.

— Muriithi, ni mimi Mama Kui wa kahawa. Hiyo mashine ya baba yako imewachanganya mama yako na mtoto wako. Inasema ni mtu mmoja, na picha yoyote akichukua inaweza kutoka ya mtoto. Unataka mtoto wako achorwe kwa kaburi?

— Ngai, hapana.

— Basi mlete Wakonyo. Akae mbele yake, imwangalie vizuri usoni, iwatenganishe. Siku moja tu inatosha.

Kitheka, Mungu ambariki, akashika mara moja bila waya. Akainama kwa simu akasema hata yeye alikuwa na shida kama hiyo, lazima mtoto aje mwenyewe. Mwas akasema ndiyo sheria ya mashine. Wamalwa hakujua lolote lakini alitikisa kichwa kwa nguvu, kama simu ingemwona. Zacharia alikuwa anaangalia viatu vyake. Mkono wake ulikuwa juu ya benchi, na vidole vilikuwa vinapiga mbao, polepole.

Huko upande ule nilisikia misumari ikimiminwa kwa mizani, na mtu akiuliza kama kuna rangi ya maziwa.

— Cucu, Wakonyo ako na tuition, Muriithi akasema, cucu yaani nyanya, ndivyo huniita. Na wiki hii wanaanza mtihani. Halafu kuna choir.

— Hata wiki ijayo.

— Ngoja. Akarudi na sauti imechangamka, ya mtu amepata suluhisho. Si hiyo mashine inataka sura tu? Natuma sasa hivi kwa WhatsApp. Mama yake alimpiga picha juzi tu shuleni. Mwambie baba aiweke hapo, itawatenganisha. Hakuna haja ya safari.

Na akakata. Ninavyomjua, alirudi kwa rangi yake akijisikia mtoto mwema.

Hatukupata nafasi ya kusema kitu. Simu ililia kile kilio kidogo cha ujumbe. Nikamrudishia Zacharia. Alitoa miwani, akaipangusa kwa pindo la sweta, akaivaa, akafungua. Network ya Kiganjo siku ya Jumapili unaijua. Picha ilishuka kutoka juu, kipande kwa kipande. Mbingu kwanza. Halafu bango la shule. Halafu tukasongeana wote kuona, na benchi ikalia.

Walikuwa wasichana wawili. Sweta moja, kola moja, nywele zimesukwa mistari ile ile ya shule. Wameegemeana vichwa, wanacheka, kila mmoja ameinua vidole viwili. Walikuwa warefu. Hakuna aliyekuwa na pengo, na hakuna baiskeli.

Kitheka akasema watoto wanakua jamani. Mwas akasema ni wazuri. Zacharia aliileta karibu, akaipeleka mbali. Akapanua kwa vidole sura ya mmoja, akakaa nayo. Akaisukuma, akapanua ya mwingine, akakaa nayo. Akarudi kwa wa kwanza.

Wamalwa hakuwa na ubaya. Mgeni hana ubaya, ana macho tu. Alinyoosha shingo juu ya bega la mzee, akatabasamu.

— Wasichana wasafi sana, akasema. Sasa mzee, Wakonyo ni yupi?

Bodaboda ilipita na gunia la viazi. Kitheka aliniangalia, mimi nikaangalia birika, nikalishika, nikamimina, na likatoa machicha peke yake. Mwas alifungua mdomo. Nilingoja methali, hata mbaya, hata ya pete na kidole. Akaufunga tena.

Zacharia aliizima simu. Akaiweka kwa mfuko wa shati, ndani ya sweta, akaufunga mfuko na kifungo.

— Wacha niende nikaiweke kwa ile ya sura, akasema. Hiyo itajua.

Na akaamka. Hakusema "naamka". Benchi ilituinukia, kahawa ya Wamalwa ikamwagika kwa suruali yake ya kazi, Kitheka akamshika Mwas, Mwas akashika ukuta, na hakuna mtu aliyepiga kelele. Tulikaa hivyo tumepinda, tukimwangalia akivuka stage, anatembea haraka, mkono mmoja umeshika mfuko wa kifua.